Je, Wajua? Mbwa Anayekimbiza Kuku Hana Njaa Wala Hasira

Je, wajua kwamba mbwa aliyeshiba ubwabwa wa harusini anaweza kuuacha mfupa chini akaenda kumkimbiza kuku wa jirani? Wafugaji wa kuku wa Ujiji, Kigoma, hawahitaji kuambiwa. Kesi ya namna hiyo ikifika kwa mwenyekiti wa mtaa, mwenye kuku hudai kwamba mbwa analazwa njaa, naye mwenye mbwa huapa kwamba mbwa wake hula hadi akasaza. Sayansi iko upande wa mwenye mbwa. Kuku atalipwa vilevile, lakini shtaka la njaa lifutwe.

Mwaka 1976 mtafiti Robert Adamec aliwawekea paka chakula wanachokipenda sana, na wakiwa katikati ya kula akawaletea panya hai. Paka waliacha kula, wakamuua panya, wakamburuta mpaka kwenye bakuli, kisha wakaendelea na chakula kilekile walichokiacha. Njaa na kuwinda vinaishi nyumba moja ila kila kimoja kina mlango wake.

Hasira nayo ifutwe. Mwaka 1962, katika Chuo Kikuu cha Yale, Wasman na Flynn walichochea kwa umeme mdogo sehemu ya chini ya ubongo wa paka iitwayo haipothalamasi. Wakigusa upande mmoja, paka alisimamisha manyoya, akafoka na kurusha makucha. Wakigusa upande mwingine, paka yuleyule alinyanyuka kimya, akamwendea panya na kumng'ata shingoni bila kutoa sauti. Njia mbili tofauti kabisa ndani ya kichwa kimoja. Mbwa mkali hutangaza ukali wake: anabweka, anaonyesha meno, anataka uondoke. Anayewinda hatangazi kitu.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho, usimtazame mbwa akiwa mbioni. Mtazame kabla. Ulimi uliokuwa ukining'inia kwa joto unarudi ndani na mdomo unafungwa. Masikio yanakuja mbele, mkia unakakamaa, uzito wa mwili unahamia mabegani, na mguu mmoja wa mbele unabaki hewani kana kwamba amesahau kuushusha. Kimya hicho hudumu sekunde mbili au tatu tu. Mwenye mbwa akichelewa hapo, mengine yote atakayoyafanya ni kupiga kelele nyuma ya vumbi.

HATUA NANE, NA MKASI WA BINADAMU

Wamarekani wawili, Raymond na Lorna Coppinger, walizipanga hatua za uwindaji wa mbwa kwa mfuatano ambao wakufunzi wengi wanautumia hadi leo: kugeukia, kukodolea macho, kunyemelea, kukimbiza, kudaka, kuua, kurarua, kula. Mbwa mwitu wa kaskazini anazo zote na zinafuatana bila kukatika. Mbwa wa kufugwa amepitiwa na mkasi. Mbwa wa kuchunga kondoo wa mipakani mwa Uingereza na Uskoti ameachiwa kukodoa, kunyemelea na kukimbiza, lakini kudaka kumepunguzwa sana, maana angedaka asingebaki kondoo. Mbwa wa kuokota bata waliopigwa risasi hudaka kwa midomo laini na kuleta. Mbwa wadogo wa kuua panya wameongezewa hatua ya kuua kuliko zote. Na wapo mbwa wakubwa wa kulinda mifugo, kama wale wa Uturuki, ambao kwao karibu mfuatano wote umezimwa: kondoo akikimbia mbele yao hata hawageuki.

Kwa hiyo anayeuliza kama mbwa wake "ana silika ya kuwinda" ameuliza nusu ya swali. Swali zima ni hatua ipi, na inaishia wapi.

Mbwa wetu wa kienyeji hakupitiwa na mkasi huo. Hakuna aliyekaa vizazi kwa vizazi akimchagulia mke kwa ajili ya kazi moja. Ndiyo maana mbwa watatu wa tumbo moja, waliozaliwa chini ya uvungu mmoja pale Mwanga au Gungu, wanaweza kutofautiana kabisa: mmoja hajali hata jogoo akimkanyaga, wa pili anakodoa tu, na wa tatu ndiye huyo wa kesi kwa mwenyekiti.

PEMBA KATIKA KITABU CHA MBWA

Je, wajua kwamba Wacoppinger hao, walipotaka kuonyesha mbwa wa asili anafananaje, walikwenda Pemba? Kitabu chao cha mwaka 2001 kinawaeleza mbwa wa kisiwa hicho: wadogo kwa umbo, hawajafungwa, hawana wa kuwashika wala kuwapapasa, wanaishi kwa mabaki ya watu na majalala. Kwa Wacoppinger, huyo ndiye mfano wa mbwa wa mwanzo kabisa. Wanadai kwamba mbwa hakuanza kuwa rafiki wa binadamu porini kwa kuwinda naye bega kwa bega, bali alijileta mwenyewe jalalani. Wataalamu wengine wanabisha hadi leo. Binafsi naona hoja hiyo ina nguvu zaidi ukiwa umesimama kwenye mwalo wa Kibirizi kuliko ukiwa umekaa maktaba.

Asubuhi dagaa wakishaanikwa, mbwa wa mwaloni hawawindi. Wanalala kando ya mitumbwi, kichwa juu ya miguu, wakimsubiri mama anayegeuza dagaa ageukie upande wa pili. Akiwatishia kwa ufagio wanasogea hatua nne, wanalala tena. Ni kazi ya subira, na mbwa anayejitia kukimbiza kunguru na kila kinachopaa anamaliza nguvu ambazo mwenzake aliyelala hajazitumia. Usiku wa mbalamwezi wavuvi wa taa hawaendi ziwani, kwa kuwa dagaa hawaifuati taa mbele ya mwezi, na siku hizo mwaloni hakuna cha kuokota. Ziwa Tanganyika lote upande wa Tanzania lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka. Taarifa nyingi zilisema juu ya wavuvi na wachuuzi. Juu ya mbwa wa mwaloni hazikusema neno, ingawa nao walikatiwa riziki miezi mitatu.

FIKIHI ILIYATANGULIA MASOMO YA WAKUFUNZI

Ujiji ni mji wa misafara na misikiti, na nyumba nyingi za Kiislamu hazifugi mbwa. Hadithi zinaruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Anayefuga nje ya hayo hupungukiwa thawabu kila siku. Chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Haya kila mtoto wa madrasa anayajua. Kisichosemwa sana ni kwamba wanazuoni walilichambua suala la kumdhibiti mbwa mwindaji karne nyingi kabla ya wakufunzi wa mbwa wa leo.

Aya ya nne ya Suratul Maida inahalalisha kula alichokamata mnyama wa mawindo aliyefundishwa, jina la Mwenyezi Mungu likiwa limetajwa. Likabaki swali: aliyefundishwa ni yupi? Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani na hapa Ujiji, yanajibu kupitia vitabu kama Minhaj cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Mbwa aliyefundishwa akitumwa huenda. Akizuiwa husimama. Akikamata hushika bila kula. Na haya yajirudie mpaka idhihirike kwamba ndiyo tabia yake, isiwe bahati ya siku moja.

Yaweke masharti hayo juu ya zile hatua nane uone yanavyokaa. La kwanza linadhibiti mwanzo wa mbio: hakuna kwenda kabla ya neno. La tatu linakata mwisho: kudaka kuwepo, kula kusiwepo. La pili linaingia katikati, mbwa akiwa tayari amewaka, na hilo ndilo gumu kuliko yote. Mbwa anayekwenda akitumwa ni wa kawaida. Anayesimama akizuiwa, sungura akiwa hatua kumi mbele yake, huyo amefundishwa kweli.

Hadithi ya Adi bin Hatim inaongeza jambo ambalo ningelipa pesa kuona mkufunzi yeyote wa leo akilieleza kwa ufupi kama ule. Adi, ambaye alikuwa mwindaji, alimuuliza Mtume kuhusu mbwa wake. Akajibiwa kwamba mbwa akishakula katika windo, Adi asile, kwa sababu mbwa huyo amejikamatia mwenyewe. Na akikuta mbwa mwingine amechanganyika na wake, asile pia, kwa kuwa jina la Mungu alilitaja kwa mbwa wake, si kwa yule mwingine. Anayefuga mbwa anajua ukweli wa kawaida uliomo humo, mbali na hukumu yenyewe: mbwa wakiwa wawili, huwezi kusema nani alifanya nini, na wako anaacha kuwa wako.

Katika Oman na Ghuba kwa jumla, ambako Waswahili wengi wana ndugu, mbwa wa mbio aina ya saluki amefugwa na mabedui kwa msingi huo wa ruhusa. Ana kifua kirefu na kiuno chembamba, huona windo kabla ya kulinusa, na bado wapo wanaomheshimu kuliko mbwa mwingine yeyote.

MBWA WASIOFIKA UJIJI

Je, wajua kwamba chini ya ule mwembe maarufu wa Ujiji, mwaka 1871, Livingstone na Stanley walikutana bila mbwa, ingawa kila mmoja alianza safari akiwa na mbwa wake?

Mbwa wa Livingstone aliitwa Chitane, na alikuwa wa aina ya pudo. Alikufa tarehe 15 Januari 1867 katika nchi ya mabwawa karibu na mto Chambeshi, Zambia ya leo, miaka miwili kabla bwana wake hajaiona Ujiji. Msafara ulivuka bonde lililofurika, maji yakiwafika watu kiunoni. Kila mtu alihangaika asianguke. Hakuna aliyemkumbuka mbwa. Akaogelea nyuma yao mpaka nguvu zikamwisha. Kinachouma ni kwamba pudo, kabla ya kuwa mbwa wa kunyolewa mitindo sebuleni, alikuwa mbwa wa kuokota bata majini.

Katika maandishi yake Livingstone alimlilia kwa maneno machache yenye kueleza mengi. Chitane alijipa kazi ambayo hakuna aliyemfundisha. Alikimbia hadi kwa mtu wa kwanza wa msafara, akarudi hadi kwa wa mwisho, akambwekea huyo wa mwisho avute miguu. Kambini, akishajua kibanda cha bwana wake, hakuna mbwa wa kijiji aliyeruhusiwa kusogea. Na yeye mwenyewe hakuiba. Ukiisoma habari hiyo huku unazijua zile hatua nane, unaona uwindaji uliokatwa mahali pazuri: macho juu ya kundi, mbio za kuzunguka, kumfuata anayebaki nyuma, na hapohapo mwisho. Hakuna kudaka. Mbwa wa kondoo anafanya kazi hiyohiyo. Chitane aliifanya kwa wapagazi.

Stanley naye alimpoteza wake, Omar, kabla ya kufika Ujiji. Alikufa njiani mwaka huohuo wa 1871. Safari yake ya pili, iliyoanza 1874, alikuja na mbwa watano kutoka Uingereza. Wa mwisho wao, mzee aliyeitwa Bull, alikufa njiani mwaka 1876. Stanley aliingia Ujiji mwezi Mei mwaka huo akiwa hana hata mmoja. Joto, umbali na mbung'o havikuwa na huruma kwa mbwa wa kizungu. Wa kienyeji walibaki wakiwatazama wanavyopita.

NG'AMBO YA ZIWA, MBWA ANAVAA NJUGA

Kongo, katika misitu ya Ituri na kwingineko, wapo mbwa wadogo wa rangi ya kahawia wenye mkia uliojikunja mgongoni, ambao hawabweki kama mbwa wengine. Wanatoa sauti kama ya kuimba na kulia, na wakiwinda hunyamaza kabisa. Mwindaji aliyempoteza mbwa kimya ndani ya msitu mnene hana mawindo, ndiyo maana wanafungwa shingoni njuga ya mti. Jozi moja ilipelekwa Uingereza mwaka 1895, ikafa kwa ugonjwa. Walipoonyeshwa tena London mwaka 1937 watu walijaa kuwatazama, na leo dunia inawaita basenji.

Mbali kidogo kusini mwa Ituri, Hifadhi ya Virunga ilianza mwaka 2011 kutumia mbwa wakubwa wenye masikio marefu kufuata nyayo za majangili kwa harufu. Silika ni ileile. Harufu ndiyo iliyobadilishwa.

JICHO LINALOPENDA KINACHOTEMBEA

Mwaka 1936 walipimwa mbwa 14 wa polisi. Wenye macho makali kati yao walitambua kitu kinachotembea kwa umbali wa mita 810 hadi 900. Kitu hichohicho kikisimama, walihitaji kukisogelea mpaka mita 585 au chini ya hapo. Rangi haziwasaidii sana, kwa kuwa mbwa huona vizuri buluu na njano, na nyekundu kwake haitofautiani sana na majani.

Hapo ndipo lilipo shauri la kwanza kwa mtoto anayetumwa dukani, kwa mwendesha baiskeli wa Ujiji na kwa kijana wa bodaboda: kinachokimbia ndicho kinachokimbizwa. Ukisimama tuli, mikono ikiwa kifuani, bila kumkodolea mbwa macho, mara nyingi hamu humwisha. Bodaboda apunguze mwendo badala ya kuongeza na kurusha teke. Teke ni kitu kingine kinachotembea.

WALIOSHIBA NDIO WANAOWINDA

Boti za kwenda Gombe huondoka Kibirizi hapohapo tulipowaacha mbwa wa dagaa. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, na mwaka huohuo akashuhudia jambo ambalo wengi hawakulitarajia: sokwe akila nyama. Baadaye ikajulikana kwamba sokwe dume wa Gombe huwinda mbega wekundu mara kwa mara, na Frodo, aliyefariki 2013, alikuwa mwindaji hodari kuliko wenzake. Utafiti wa Kibale nchini Uganda ulionyesha kwamba sokwe huwinda zaidi nyakati matunda yakiwa tele. Yaani mwenye tumbo lililojaa ndiye mwenye nguvu na muda wa kuhangaika na mbega. Mwenyekiti wa mtaa angefaidika na utafiti huo.

Goodall na mumewe Hugo van Lawick walichapisha mwaka 1970 kitabu kiitwacho Innocent Killers, juu ya mbwa mwitu, bweha na fisi wa Ngorongoro na Serengeti. Mbwa mwitu wetu, mwenye madoa ya rangi tatu na vidole vinne kila mguu, si mzazi wa mbwa wa nyumbani na hawezi kuzaa naye. Kabla ya kwenda kuwinda, kundi lake hukusanyika na kuchangamkiana. Watafiti waliokuwa Botswana walitangaza mwaka 2017 kwamba katika mikusanyiko hiyo mbwa mwitu hupiga chafya, na chafya zikiwa nyingi kundi huondoka. Mkutano ukianzishwa na mkubwa, chafya tatu hivi zinatosha. Ukianzishwa na mdogo zinahitajika kama kumi.

KUMTULIZA ALIYE NYUMBANI

Sasa tuje kwenye ua wako. Jambo moja likieleweka, mengine yote yanafuata: kwa mbwa, kukimbiza ndio malipo yenyewe. Hahitaji kumpata kuku. Kila mbio zilizofanikiwa, hata zilizoishia kwenye uzio, zimemlipa, na kesho atarudi kazini. Anayesema "mwache akimbize kidogo achoke" anamlipa posho.

Kwa mtoto wa mbwa kazi ni nyepesi. Kuanzia wiki ya tatu hadi kati ya wiki ya 12 na 16 akili yake inaamua nani ni wa nyumbani na nani ni wa porini. Akilelewa kipindi hicho kati ya mbuzi na vifaranga, chini ya jicho la mtu, ataendelea kuwahesabu kuwa wenzake. Hivyo ndivyo walivyolelewa mbwa wa Kituruki waliogawiwa wafugaji wa Namibia kuanzia 1994 ili duma wasiuawe kwa kisasi. Mbwa alikuzwa na mbuzi, akalala na mbuzi, na duma alipotokea alibweka akiwa upande wa mbuzi. Mbwa wa namna hiyo wamejaribiwa pia kwa wafugaji wa jirani na Hifadhi ya Ruaha. Mfugaji wa Kasulu hahitaji mbwa wa Uturuki kwa jambo hili. Anahitaji mtoto wa mbwa mtulivu na zizi.

Kwa aliyekwisha kukomaa, pigana mwanzoni mwa mfuatano, pale mdomo unapotaka kufungwa. Kaa mbali na kuku kiasi kwamba mbwa anawaona lakini bado anaweza kukusikia. Inaweza kuwa hatua 30 au 50. Akiwatazama, mwite jina mara moja. Akigeuza kichwa, mpe dagaa mkavu palepale. Dagaa wa Kigoma wanafaa kuliko biskuti za mbwa za dukani, kwa harufu na kwa bei, na mfuko wa shati unabeba wa wiki nzima ukistahimili kunuka. Siku zikipita, sogea. Akishindwa, umesogea haraka mno. Rudi nyuma bila kelele.

Muda wote huo awe na kamba ndefu, mita 10 hivi. Kamba ya nyavu inapatikana kila mwalo. Ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, maana mbwa anayefika mwisho wa kamba kwa mbio zote huumia shingo. Kamba haipo kwa ajili ya kumvuta. Ipo ili asilipwe.

Kisha mpe pa kuimalizia hamu. Funga tambara kwenye kamba fupi, kamba kwenye fimbo, lizungushe chini kama mnyama anayetoroka. Mbwa asiguse mpaka umemruhusu. Ukisema basi, aachie. Dakika chache jioni, baada ya joto kupungua, zinatosha. Ukilitazama vizuri zoezi hilo utayakuta masharti ya Nawawi: aende akitumwa, asimame akizuiwa, asijichukulie mwenyewe alichoshika.

Ipo dawa ya kale ya kumfunga mbwa kuku mfu shingoni mpaka aoze. Inanuka, inaleta nzi, na mbwa wengi wakitolewa mzoga hurudi kwa kuku wazima. Kipigo nacho kina hesabu mbaya. Mbwa aliyekuja baada ya kuitwa, akachapwa kwa kosa la dakika tano zilizopita, amejifunza jambo moja tu: kuitwa ni hatari. Na wako mbwa, lazima isemwe, ambao wameua kuku mara nyingi kiasi kwamba hakuna dagaa wala filimbi itakayowaaminisha. Kwa hao dawa ni waya wa banda na geti linalofungika, maisha yao yote. Mwenye mbwa wawili wa hivyo asiwafungulie pamoja.

Ufukweni kuna tahadhari ya ziada. Miamba ya Ziwa Tanganyika ina swila wa majini, nyoka mkubwa mwenye sumu anayekula samaki na ambaye kwa kawaida humkwepa mtu. Mbwa anayechokonoa pua kwenye mianya ya mawe hampi nafasi ya kukwepa. Mamba nao wapo sehemu nyingi za ziwa, hivyo usizoeze mbwa kukimbilia ndege majini jioni. Gombe na Mahale mbwa haruhusiwi kuingia, na sababu si kukimbiza wanyama tu, ni pamoja na magonjwa. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi wa mbwa uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Na kichaa cha mbwa kisichanganywe na uwindaji. Mbwa mwindaji hukimbiza kinachokimbia na huitika ukimwita mapema. Mwenye kichaa anaweza kung'ata mti, jiwe au bwana wake, sauti yake hubadilika, mate humtoka. Aliyeng'atwa na mbwa yeyote aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuanza sindano. Chanjo ya mbwa ikifikia asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa pa kupita. Pemba, kisiwa kilekile cha Wacoppinger, kiliutokomeza kwa chanjo mwaka 2014, ukarudi 2016, wakauondoa tena.

MBWA WALIOSHINDIKANA WANAPATA AJIRA

Je, wajua kwamba hamu hiyohiyo inayowatesa wenye kuku ndiyo inayotafutwa na wanaopambana na ujangili? Usa River, karibu na Arusha, shirika la African Wildlife Foundation limekuwa likifundisha mbwa wa kunusa pembe za ndovu tangu 2014, na mbwa wa mpango huo wamefanya kazi katika bandari na viwanja vya ndege vya Afrika Mashariki. Grumeti, magharibi mwa Serengeti, nako kuna kikosi cha mbwa wa kunusa.

Wanaowachagua mbwa hawa hawaanzi kwa kupima pua. Wanarusha mpira kwenye majani marefu na kuangalia saa. Mbwa wa kawaida atautafuta kidogo, aukose, aende zake kunusa kitu kingine. Wanayemtaka ni yule atakayeendelea kupekua majani hayo hadi giza liingie, yule ambaye familia ilimrudisha kwa sababu hakuwaachia hata soksi. Mbwa huyo anafundishwa kwamba mpira hutokea pale penye harufu ya pembe. Tangu hapo hatafuti pembe kwa ajili ya ndovu wala kwa ajili ya serikali. Anapita kati ya makontena, sanduku baada ya sanduku, akifika kwenye harufu anaketi, na mshikaji wake anautoa mpira mfukoni.